Shangazi, jiko ni la wote ila moshi ni wangu

Shikamoo shangazi. Mi ni mama wa watoto watatu niko Gungu hapa Kigoma. Miaka minne iliyopita tulichanga familia sita, karibia wote walimu, tukanunua kiwanja kimoja kikubwa, kila mtu akajenga kanyumba kake pembeni alafu katikati tukaacha uwanja, kisima cha pampu, jiko kubwa la kuni na banda la kupumzikia. Mwanzo raha tupu, jumamosi tunapika wote, migebuka na ugali wa muhogo, watoto wanakula popote. Sasa hivi mama mmoja anachemsha chikichi pale jikoni karibia kila siku, anakamua mawese ya kuuza, moshi wote dirishani kwangu. Kuna kijana anaishi peke yake hataki kuchangia luku ya pampu eti maji yake ndoo moja. Na watu wanaingia kwangu bila hodi hadi chumbani wakitafuta chumvi. Mume wangu anataka tupige ukuta tujitenge. Tufanyeje? Kiwanja kina jina la mzee mmoja kati yetu ila huyo hana shida kabisa.

Marahaba mwanangu. Ukuta mwambie baba watoto asubiri kidogo, tofali haziozi.

Mnavyoishi nyie kuna wenzenu Denmark wameanza zamani, mtaa wao wa mwanzo unaitwa Sættedammen, nyumba 27, watu walihamia 1972, na kabla ya hapo msanifu majengo mmoja Jan Gudmand-Høyer alikaa na marafiki zake toka 1964 wakapata hadi kiwanja, majirani wa eneo lile wakawagomea, ikabidi waanze upya. Ninachowapendea ni kwamba kila nyumba ina jiko lake kamili, lile la wote ni nyongeza tu. Nyie nahisi mlijenga vyumba mkategemea jiko moja, ndo maana chumvi inafuatwa chumbani kwako! Kila mtu awe na kajiko ka mkaa uani kwake hata kadogo.

Hodi wala haihitaji kikao kirefu. Ukiwa umekaa nje barazani anayekuja aje, pazia likishuka ni hodi mara tatu, asipoitikiwa anarudi kwake kama tulivyofunzwa na bibi zetu.

Huyo wa mawese msimfukuze, anatafuta ada za watoto kama wewe. Mpeni siku mbili kwa wiki, kuni zake, aache jiko limesuguliwa kabla ya jumamosi, na kila akikamua atoe kitu kwenye mfuko wa pampu, alafu moshi muutafutie bomba, hiyo mchange wote maana hata yeye akiacha biashara moshi wa jumamosi bado utakufata wewe. Kijana naye ana hoja nusu. Luku igawanywe kwa vichwa, atalipa kidogo, ila matengenezo ya pampu ni sawa kila nyumba, akija kuuza kanyumba kake si atamwambia mnunuzi kuna kisima?

Sasa kilichonikosesha usingizi umekiandika mwishoni kama utani. Jina moja kwenye kiwanja cha familia sita! Huyo mzee ni mwema sawa, lakini siku akifariki mtakaa na warithi wake sio yeye. Sheria ya Ardhi ya 1999 inaruhusu watu wengi kumiliki ardhi moja na kuna namna mbili, moja mnamiliki kwa pamoja bila mafungu, mmoja akifa sehemu yake inabaki kwa wenzake walio hai, nyingine kila mmoja ana fungu lake na linaenda kwa warithi wake. Nyie wenye watoto mnataka hiyo ya pili. Nendeni ofisi ya ardhi ya manispaa wote sita, na huyo mzee atangulie mbele.

Na jumamosi hii kabla hamjaanza habari za moshi, muulizeni kwa adabu hati ameiweka wapi, na kama mkewe na wanae wanajua zile nyumba tano nyingine ni za nani.