Okidi naimwagia kila siku lakini majani yanalegea, nakosea wapi?

SWALI: Habari mtaalamu. Nilizawadiwa okidi ile ya majani mapana na maua meupe, na huku niliko ni joto mwaka mzima. Nimekuwa naimwagia kikombe kimoja kila jioni nikiogopa joto litaikausha. Sasa maua yamedondoka yote, majani mawili ya chini yamegeuka njano na yaliyobaki yamelegea kama yana kiu. Kuna mizizi imetoka nje ya kopo inaning'inia tu hewani. Nataka niihamishie kwenye chungu kikubwa chenye udongo mzuri na samadi, nitakuwa sawa? Na kwa wiki nimwagie mara ngapi?

JIBU: Nzuri dada, asante kwa swali. Kwanza hiyo samadi na udongo peleka kwenye mimea mingine, kwa okidi hii usiguse kabisa. Kwa maelezo yako hiyo ni Phalaenopsis, na huko porini haioti chini, inajishika kwenye gome la mti juu huko, mvua inanyesha mizizi inalowa, mvua ikikata upepo unapita na mizizi inakauka, basi hayo ndo maisha yake. Ukiizika kwenye udongo ni kama umeifunika pua. Na hiyo mizizi inayoning'inia ndo tabia yake, haimaanishi kopo limejaa, usiikate.

Maua yasikutie presha, yanakaa miezi miwili mpaka mitatu hivi halafu yanadondoka, ni kawaida. Jani moja la chini kuwa njano nalo linaweza kuwa uzee tu. Ila mawili kwa pamoja na mengine yamelegea, hapo shida ipo, na nina uhakika kama wa asilimia tisini kwamba mizizi imeoza. Wengi hapa ndo wanapopotea, mana okidi yenye kiu na okidi iliyozama maji zote zinalegeza majani vilevile. Iliyooza mizizi haina cha kunywea, kwahiyo iko kwenye maji na bado inakufa kiu, na mwenyewe akiona imelegea anaongeza maji. Hata mimi nilipoanza kazi ya kitalu niliua kadhaa hivyo hivyo, kwa huruma tu.

Kwahiyo usisubiri, itoe kwenye kopo leo. Iloweke kwanza kwenye maji kama nusu saa mizizi ilainike isivunjike, halafu minya kopo pembeni kidogo kidogo mpaka itoke, toa uchafu wote wa zamani, na uangalie vizuri katikati kabisa ya mizizi mana okidi nyingi za kununua zinakuwa na bonge la mosi (yale majani laini makavu yanayofyonza maji kama sponji) limefichwa pale, juu panaonekana pamekauka kumbe ndani ni tope. Sasa shika mzizi mmoja mmoja uminye kwa vidole. Mzima ni mgumu, mweupe au wa kijani. Uliooza unabonyea, una rangi ya kahawia, na ukiuvuta ganda linachomoka lote kama soksi unabaki umeshika kauzi kembamba. Huo kata, usiuonee huruma. Mkasi upitishe kwenye moto au ufute na spiriti kabla hujaanza, na ukimaliza sehemu mbovu ufute tena. Mdalasini wa unga unaweza kupaka pale kwenye kidonda tu, watu wanaumwaga mizizi yote halafu unaikausha hata ile mizima.

Chungu: kidogo! Najua ulitaka kikubwa lakini kiwe kile cha kutosha mizizi iliyobaki na nafasi ya vidole viwili hivi, basi. Kikiwa kikubwa katikati hapakauki. Mimi kwa anayeanza napendelea kopo la plastiki linaloonyesha ndani, lenye matundu mengi chini na pembeni, utaelewa kwa nini muda si mrefu. Ndani weka vipande vya gome la mti vya ukubwa wa ncha ya kidole gumba uchanganye na vipande vya mkaa wa kawaida ambao haujawashwa. Makumbi ya nazi yaliyokatwakatwa nayo yanafaa ila yaloweke siku mbili tatu ukibadilisha maji, mana yanakuwa na chumvi. Mosi kwenye joto lenye unyevu mimi siipendi kwa mtu mwenye mkono mwepesi wa maji kama wako, usinune. Shina likae juu, lisizikwe. Ukimaliza iweke kivulini penye hewa ukae siku 3 mpaka 5 bila kumwagia ili vidonda vikauke.

Sasa mara ngapi kwa wiki. Nikikwambia mbili au tatu nitakuwa sijakosea sana, ila ukifuata kalenda siku ya mvua utaiua tena. Angalia mizizi kupitia kwenye kopo, ndo mana nikasema la kuonyesha ndani. Ikiwa kijani bado ina maji, iache. Ikiwa nyeupe ya kijivu kama majivu, mwagia. Ukipenda chomeka kijiti cha mbao mpaka chini, kiache dakika kumi, kikitoka na unyevu subiri kesho. Na ukimwagia, mwagia kweli, maji yapite yatoke chini yote, sio kikombe, halafu usiache maji kwenye kisahani. Fanya asubuhi. Jioni maji yanalala pale katikati majani yanapokutana, usiku kucha, na hapo pakioza Phalaenopsis ndo basi tena, mana inakua kutokea hapo tu. Yakiingia bahati mbaya nyonya na tishu.

Ukimsikia mtu anasema yeye anamwagia kila siku na yake inanawiri, muulize ni aina gani, pengine ana Vanda imening'inizwa mizizi mitupu bila chochote, hiyo kwenye joto inataka maji kila siku kweli.

Mbolea sahau mpaka uone mizizi mipya yenye ncha ya kijani au nyekundu nyekundu, hapo anza na ya maji, robo ya kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti. Majani yaliyolegea huenda yasisimame tena, usiyatumie kupima, pima kwa jani jipya, na hiyo ni habari ya miezi. Maua nayo yanataka usiku wenye ubaridi kidogo, chini ya nyuzi 25 kwa wiki kadhaa, kwahiyo kama kwako joto halishuki kabisa inaweza kukaa muda mrefu ina afya tele na haitoi kitu. Gome likianza kulainika na kuwa kama udongo, kwenye joto ni mwaka mmoja na nusu hivi, badilisha tena.

Ukiitoa ukakuta hamna hata mzizi mmoja mzima usiitupe. Hapo ndo mosi inafaa: chukua kidogo, ilowanishe uikamue mpaka isidondoshe tone, iweke ndani ya mfuko wa plastiki unaoonyesha ndani, pale chini kabisa, kalisha mmea juu yake, funga mfuko, weka penye mwanga bila jua la moja kwa moja, na uufungue kila baada ya siku chache upate hewa. Usimwagie kitu.