Barua kwa mwanangu: kadi ya kati au ya juu?

Marahaba, mwanangu.

Umeniuliza kama uendelee kujinyima mpaka fedha za RTX 5090, kadi ya juu ya kuchora picha za magemu kwenye kompyuta, zitimie, au uchukue kadi ya kati sasa hivi. Ukaongeza swali ambalo ndilo hasa: bei ikizidi karibu mara nne, je, na uwezo unazidi mara nne? Hauzidi, na ningependa uone mwenyewe pesa inakoishia.

RTX 5070, kadi ya kati, ilitangazwa kwa dola 549, na RTX 5090 kwa dola 1,999. Hiyo ni mara 3.6. Ukihesabu viini vya kukokotoa, 6,144 kwa 21,760, uwiano unakaribia huohuo, na mtu anaweza kudhani biashara ni ya haki. Lakini kasi ya data kati ya memori na chipu imeongezeka mara 2.7 tu, kutoka gigabaiti 672 kwa sekunde hadi 1,792, na kiini kisichopata data kwa wakati hukaa bure. Ndiyo maana hata kwenye skrini ya 4K kadi kubwa hutoa fremu, yaani picha moja moja zinazounda mwendo, mara mbili na ushee tu kuliko ile ndogo. Ukishuka hadi skrini ya 1080p, yenye pikseli chache, pengo husinyaa zaidi, maana hapo prosesa ndiyo inayochelewa kuandaa kazi.

Sasa tazama skrini yako. Ni ya 1440p, hezi 165. Ina pikseli 3,686,400, wakati 4K ina 8,294,400. Kadi ya juu imetengenezwa kwa mzigo ambao wewe huna. Kwenye fremu 60 kwa sekunde, kila fremu huchukua milisekunde 16.7, kwenye 120 ni 8.3, kwenye 240 ni 4.2. Kupanda mara ya kwanza kunakuokolea milisekunde nane na mkono unazihisi papo hapo. Kupanda mara ya pili kunakupa nne tu, na skrini yako bado itabadilisha picha mara 165 kwa sekunde, si zaidi.

Jambo ninalotaka ulitilie maanani kuliko yote ni memori. Chukua RTX 5060 Ti ya mwaka 2025: ilitoka ya gigabaiti 8 kwa dola 379 na ya 16 kwa dola 429, chipu ileile, viini vilevile. Gemu likitosha ndani ya 8, kadi hizo mbili huenda sawa. Likizidi, data inaanza kwenda na kurudi kwenye memori ya kompyuta, njia ambayo ni ya polepole mno kwa kazi hiyo. Unakata kona, picha inaganda kidogo, kisha inaruka mbele. Au unaufikia ukuta na kuukuta una ukungu, matofali yake yanajitokeza baadaye. Wastani wa fremu unaweza kukuficha hayo yote, kwa hiyo ukisoma majaribio tafuta pia zile fremu za chini kabisa, asilimia 1 ya mwisho. Kwa sababu hiyo hata gigabaiti 12 za RTX 5070 sizipendi kwa kadi utakayokaa nayo miaka.

Usichukuliwe na maneno ya jukwaani pia. Januari 2025 Jensen Huang, mkuu wa Nvidia inayotengeneza kadi za RTX, alisema 5070 itatoa uwezo wa RTX 4090, kadi ya juu ya kizazi kilichotangulia, kwa dola 549. Uwezo huo ulihesabiwa pamoja na fremu za kubuniwa: DLSS 4, teknolojia ya Nvidia ya kubuni fremu, inaweza kuongeza hadi tatu kwa kila moja iliyochorwa kweli. Macho hufurahi, mwendo unakuwa laini, ila fremu hizo hazisomi kipanya chako. Kama gemu lenyewe linachorwa mara 30 kwa sekunde, mkono utahisi uzito wa 30. Ukiona mchoro wa kulinganisha, kwanza uliza fremu ni za aina gani.

Kadi ya juu ina watu wake. Anayeendesha modeli ya lugha ya akili bandia nyumbani, tuseme yenye vigezo bilioni 32 (namba zake za ndani) vilivyobanwa hadi biti 4 kila kimoja, anahitaji gigabaiti kama 16 kwa modeli peke yake kabla ya nafasi ya kufanyia kazi. 32 za RTX 5090 zinamtosha, 16 hazimtoshi. Anayelipwa kwa uhuishaji mzito naye anauza muda anaouokoa. Wewe Blender, programu ya uhuishaji wa 3D, ndiyo kwanza unajifunza.

Kwa hiyo ushauri wangu ni gigabaiti 16. RX 9070 XT ya AMD, mshindani wa Nvidia, ilianza kwa dola 599, RTX 5070 Ti kwa 749. Kwenye magemu ya kawaida zinakaribiana sana. Gemu likikokotoa miale ya mwanga kwa wingi, na kwenye Blender, ya pili inatangulia. Kwa kuwa unataka Blender, mimi ningechukua hiyo ya pili. Bei za madukani hupanda na kushuka, basi chukua bei unayoiona siku hiyo uigawe kwa wastani wa fremu za 1440p kutoka kwa wapimaji huru. Tofauti ikiwa kubwa mno, chukua ya kwanza bila kujuta.

RTX 5090 hula hadi wati 575 na kutaka pawa saplai ya 1,000. 5070 Ti hula 300 na kuridhika na ya 750. Siku ya kuifunga, sukuma plagi ya umeme mpaka usione mwanya hata kidogo, kwani kuna plagi za 4090 zilizoyeyuka kwa kutoingia vizuri.

Kabla hujalipa, nitumie jina la pawa saplai yako, aina ya prosesa, na urefu wa nafasi ndani ya kesi ya kompyuta kwa milimita.

Mama yako