Sailensa umeitoboa, kabureta je?

Juzi usiku kijana mmoja wa Likoni kanitumia ujumbe wa sauti. Sekunde kumi na mbili, hakuna salamu, ni msumeno wa injini tu unalia. Chini yake kaandika: "Kaka fundi, sailensa nimeitoboa, sikia inavyowaka. Niongeze nini sasa?" Nikausikiliza mara tatu kitandani mpaka mke wangu akaniuliza kama nimeanza kufuga nyigu.

Mlio ule naujua. Mwembamba, mkali, haukwami popote, unapanda moja kwa moja kama filimbi. Mwenye msumeno anausikia kama nguvu. Mimi nasikia pistoni inayochungulia kaburi. Na najua kwa sababu mlio uo huo niliwahi kuupigia makofi mwenyewe.

Ilikuwa 2019, kibandani kwangu Kisauni. Nilikuwa nimeshafungua kabureta za pikipiki na jenereta za kutosha kujiona bingwa. Mzee mmoja wa Mtwapa, mpasuaji wa minazi, akaniletea msumeno wa injini wa cc 52, hii ya Kichina ya rangi ya chungwa. Alikuwa ameununua umeshatumika, kwa mtu wa Molo. Hilo la Molo alilitaja kupitapita tu, nami likanipita. Shika hapo, tutarudi.

"Kijana," akaniambia, "huu unakata, lakini hauna hasira. Nitilie hasira."

Nilifungua sailensa, kile kikopo cha kutolea moshi na kupunguza kelele. Ukiipasua katikati utaona bati lenye vitundu, na nje pa kutokea moshi pana tundu dogo la kuingia kidole cha mwisho. Wenye kiwanda wanaibana hivyo kwa ajili ya kelele na moshi. Injini ya mipigo miwili haina valvu. Moshi wa zamani unasukumwa nje na mchanganyiko mpya unaoingia, kwa hiyo ukiziba mlango wa nyuma, wa mbele nao unasitasita. Nikapiga matundu mawili ya milimita 8, nikalainisha kingo kwa tupa, nikafunga, nikavuta kamba.

Jamani! Watu waliokuwa wakinywa kahawa barazani waligeuka wote. Mzee alicheka mpaka kofia ikamdondoka. Akanilipa elfu moja na mia tano, akapanda bodaboda, nami nikabaki nimesimama pale na bisibisi mkononi kama nahodha aliyeleta jahazi salama.

Kabureta, inayochanganya petroli na hewa, sikuigusa. Ile skrubu yenye alama ya H, inayotoa petroli injini ikiwa kwenye kasi, ilikuwa imevishwa kofia ya plastiki inayoizuia isizunguke zaidi ya kidogo. Kuing'oa niliona kazi. Mbona unawaka vizuri?

Siku ya nne mzee karudi. Msumeno kaupakata, kaufunga gunia kama maiti ya mtoto. Ulimfia ndani ya gogo la mvinje, tangi la tatu. Mvinje unaujua: ndio mti uliovumilia kupandwa kwenye machimbo ya saruji ya Bamburi kuanzia 1971, pale ambapo miti mingine mingi ilikataa. Mti wa namna hiyo hauoni huruma na msumeno.

Kamba haikuvutika. Nikatoa sailensa nikamulika kwa simu kupitia tundu la moshi. Upande ule wa pistoni ulikuwa umechanika mistari ya wima, aluminiamu imejipaka kwenye ukuta wa silinda kama siagi kwenye mkate, ringi imeganda ndani ya mfereji wake. Sikuwa na la kusema. Mzee alikuwa nalo: "Nilikupa msumeno, umenirudishia chuma chakavu." Mbele ya baraza lile lile. Na fundi mmoja mkubwa kwa umri kuliko mimi, aliyekuwa pale akinywa kahawa, akadakia kuwa vijana wa siku hizi wanasomea kwenye video. Alilisema akinitazama machoni. Bado naliona jicho lile.

Nilitumia wiki nzima kujua nilikosea wapi, na jibu lilikuwa Molo. Mji ule uko karibu mita 2,500 juu ya bahari. Hewa ya huko ni nyembamba, takriban robo pungufu ya hii yetu ya Pwani. Fundi wa kule aliibana H vizuri kabisa kwa hewa ya kwake. Ukiushusha msumeno huo Mtwapa bila kugusa kitu, unavuta hewa nzito kwa petroli ile ile ya mlimani. Tayari una njaa. Halafu nikaja mimi nikaupanulia pua, hewa ikazidi kupita na petroli ikabaki ile ile. Na kwenye injini hizi oili inasafiri ndani ya petroli: petroli ikipungua, ulainishaji nao unapungua, wakati joto linapanda. Kasi ile tuliyoishangilia barazani ilikuwa homa.

Sasa, ndugu yangu wa Likoni, na wengine wote maana najua mnataka kitu kimoja. Ukifungua sailensa, fungua na H. Toa ile kofia, zungusha skrubu kinyume cha saa, kidogo kidogo, moja ya nane ya mzunguko kila mara. Mara nyingi ukifika robo umefika. Halafu sikiliza. Ukibonyeza mafuta mpaka mwisho, cheni ikiwa hewani, injini inatakiwa kugugumia: brrr-brrr, kama mtu mwenye kigugumizi. Uzamishe kwenye gogo, kigugumizi kiishe, ulimi unyooke. Ukiunyanyua, kirudi. Mlio ukinyooka hewani kama ule niliotumiwa, zima. Zima sasa hivi. Baada ya kukata, chungulia plagi: kahawia ya chai ya maziwa ni sawa, nyeupe ni hatari.

Wapo watakaokuambia uongeze oili kwenye petroli ili uwe salama. Hata yule fundi wa barazani alisema hivyo. Kama msumeno unataka 25 kwa 1, tia mililita 200 kwenye lita 5 na uishie hapo. Oili ikizidi inachukua nafasi ya petroli, na njaa inazidi. Nakuachia uamue nani alisomea kwenye video.

Kingine: kabla hujatoboa chochote, hakikisha sili za krenki (mipira inayoziba hewa kwenye ekseli ya injini) na mpira unaounganisha kabureta na silinda havivuji. Msumeno unaopandisha na kushusha kasi wenyewe ukiwa umetulia unakunywa hewa ya wizi.

Wengine wameniuliza kuhusu kutoa gasketi ya chini ya silinda ili mgandamizo upande. Inafanya kazi, nimefanya. Ila pima kwanza: pitisha waya wa risasi ya kuchomelea kwenye tundu la plagi mpaka ufike ukingo wa silinda, zungusha injini kwa mkono, utoe, upime palipobanwa. Chini ya nusu milimita, rudisha gasketi yako. Kupanua tundu la moshi ndani ya silinda sikushauri hata kidogo ukiwa mgeni. Ringi ikinasa kwenye ukingo uliouacha mkali, utaokota vipande.

Na hapa niseme lisilopendeza. Wengi wenu hamuhitaji haya yote. Cheni zenu ni butu. Mnazi una gamba gumu linalokula meno haraka kuliko unavyodhani, na mtu anakata saa nzima bila kushika tupa, halafu anakuja kwangu kutaka hasira. Ukiona msumeno unatoa unga badala ya chembe, tatizo haliko kwenye injini. Tunapenda kelele sisi, watu wageuke barazani. Nilipenda mimi kuliko nyote.

Ule wa mzee niliutengeneza kwa gharama yangu. Ile aluminiamu niliitoa ukutani kwa asidi ya kusafishia choo, tone kwa tone kwenye kijiti cha pamba, nje kwenye upepo, nikiikinga mipaka ya matundu; silinda ikapona, nikanunua pistoni na ringi mpya. Ulikata vizuri kuliko siku ya makofi. Mzee aliuchukua, akanishukuru kwa mdomo tu, na kazi zake tangu hapo anampelekea yule fundi wa barazani.

Kijana wa Likoni, rudi kwenye H, kisha nitumie sauti nyingine. Safari hii ukiwa ndani ya gogo, halafu ukiunyanyua, zote mbili kwenye rekodi moja. Na uniambie ulinunua wapi.