Nyanya za Uyole zenye mabaka meusi

Dada, mabaka meusi uliyoyaona kwenye nyanya zako hapo Uyole, ambazo majani yake yanaonekana kama yamemwagiwa maji ya moto, yanafanana sana na bakajani chelewa, ugonjwa unaopenda ubaridi na unyevu wa mvua za Machi, wala si upungufu wa mbolea. Geuza jani asubuhi kabla umande haujakauka: ukiona utando mweupe pembezoni mwa baka, upande wa chini, ng'oa shina hilo na ulifukie mbali na bustani. Usilitupe kwenye mboji, kosa nililolifanya mimi. Kagua pia viazi mviringo vilivyo jirani, kwani navyo hushambuliwa. Mboga ya chainizi haiguswi na ugonjwa huu.