Sayansi na dini: maswali yenu kutoka Lamu na Malindi

Ni kweli Kanisa lilimchoma moto Galileo kwa kusema dunia inazunguka jua? (Mwanafunzi, Malindi)

Hapana, mwanangu. Alihukumiwa Roma mwaka 1633, akalazimishwa kuikana kauli yake, akafungiwa nyumbani mpaka alipofariki mwaka 1642. Ile ilikuwa dhuluma, tusiipunguze. Lakini Copernicus, aliyeyaandika hayo mwaka 1543, alikuwa mtumishi wa Kanisa, na kitabu alimtunukia Papa. Tena wanafalaki wenyewe walikuwa na hoja nzito: dunia ikizunguka, mbona nyota za karibu hazionekani kusogea? Zinasogea, ila kidogo mno. Mwanafalaki Bessel aliupima msogeo huo mwaka 1838.

Basi hizi habari za vita vya tangu jadi kati ya sayansi na dini zimetoka wapi?

Zilienezwa hasa na vitabu viwili vya Marekani, cha Draper (1874) na cha White (1896). Wanahistoria wa leo wameviacha.

Tunajenga msikiti upya. Mzee wetu mmoja asema sayansi haina kazi katika kibla. (Langoni, Lamu)

Mwambieni kwa adabu kwamba wanavyuoni ndio waliokuwa mabingwa wa hesabu hii. Al-Biruni, karne ya 11, aliutafutia mji wa Ghazna, Afghanistan ya leo, kibla kwa hesabu za pembe.

Nyinyi mna njia nyepesi. Tarehe 27 au 28 Mei, saa 6:18 mchana kwa saa yetu, jua huwa utosini mwa Makka. Simamisheni ufito wa mita moja kwa timazi, juu ya sakafu iliyo sawa. Dakika hiyo hiyo tieni alama penye ncha ya kivuli. Kwa Lamu kivuli kitakuwa sentimita 44 hivi, kimelalia kusini. Mstari kutoka ncha hiyo hadi shina la ufito ndio kibla: kaskazini, ikipinda magharibi digrii mbili na nusu hivi.

Kivuli ni kifupi, kwa hiyo kosa dogo hukua. Ufito ukiinama ubavuni digrii moja, mstari hupotoka zaidi ya mbili. Saa ikikosea dakika tano, karibu tatu. Dira msiitegemee penye nondo na mabati, sindano huvutwa. Mawingu yakiwazuia, rudieni tarehe 15 au 16 Julai, saa 6:27.

Kwa nini hesabu isimalize ugomvi wa Idi? (Shela)

Hesabu humrudisha shahidi adaiye kauona mwezi uliotua kabla ya jua. Lakini kama mwandamo wa Saudia unatufunga sisi wa pwani, hilo waulizeni masheikh. Darubini haina jibu lake.