Seli zilizopona sahanini si mgonjwa aliyepona

SWALI: Asalaam aleikum daktari. Mama yangu ana miaka 71. Mwaka jana hospitali walituambia ana ugonjwa wa Alzheimer, ule wa ubongo unaomfanya mtu asahau. Kila usiku anameza donepezili, dawa ya ugonjwa huo, na pia ana vidonge vya presha na vya kuzuia damu kuganda. Kuna mtu karibu na Marikiti anauza unga wa manjano uliochanganywa na pilipili manga. Alinionyesha utafiti kwenye simu yake: wanasayansi walizitia seli za ubongo sumu ya Alzheimer, wakaongeza dawa iliyotolewa kwenye manjano, na seli hazikufa. Anasema tusimamishe vidonge vya hospitali wiki mbili ili unga upate nafasi. Ikiwa sayansi yenyewe imethibitisha, mbona hospitali hawautoi? Na ampe vijiko vingapi kwa siku? (Binti, Kisauni)

JIBU: Waaleikum salaam, binti yangu. Usisimamishe donepezili. Nimelitanguliza hilo kwa sababu la unga linaweza kungoja, hili haliwezi. Huko Uingereza wagonjwa 295 waliokuwa wakitumia dawa hiyo walifuatiliwa kwa mwaka mzima, na matokeo yakachapishwa 2012: waliokatiziwa walizorota zaidi kuliko walioendelea nayo. Donepezili haiponyi, na sidhani kama daktari wenu aliwaahidi kwamba inaponya. Lakini kile kidogo inachokishikilia kwa mama, msikiachilie kwa neno la muuzaji.

Sasa huo utafiti. Yawezekana kabisa ni wa kweli. Kila mwezi naletewa kitu kama hicho kwenye simu ya mtu, leo manjano, kesho habasoda, keshokutwa majani ya mwarobaini, na mara nyingi walioandika ni watu waaminifu waliosema walichokiona. Anayepotosha ni yule anayekusomea, maana anaruka hatua zote zilizobaki na kukufikisha moja kwa moja kwenye kijiko.

Tazama kwanza hizo seli. Zinazotumiwa sana huitwa SH-SY5Y. Asili yake ni sampuli ya uboho iliyochukuliwa mwaka 1970 kwa msichana wa miaka minne mwenye saratani ya neva. Ni seli za saratani, na maabara huzipenda kwa sababu zinagawanyika bila kuchoka. Neva za mama yako hazigawanyiki, zina umri wa miaka 71, na zinaishi pamoja na mishipa ya damu na seli za kinga ambazo kwenye sahani ya maabara hazipo. Mtafiti huzimiminia amiloidi beta, protini inayorundikana katika ubongo wa mgonjwa, kwa wingi na kwa mkupuo mmoja, halafu baada ya saa 24 au 48 anapima ngapi ziko hai. Kwa binadamu mrundikano huo huanza miaka 15 au 20 kabla mtu hajasahau jina la jirani yake. Kuokoa seli kwa siku moja na kuokoa ubongo uliokwisha kuharibika kwa miaka ni mambo mawili.

Siidharau kazi hiyo, maana nimeifanya na ina faida yake. Inatuwezesha kupima mamia ya kemikali kwa gharama ndogo na kuzitupa nyingi mapema, kabla mnyama au mtu hajaguswa. Inajibu swali moja tu: je, kuna sababu ya kuendelea kuichunguza kemikali hii? Wengi wanaliona jibu la "ndiyo" kana kwamba ni cheti cha dawa, na hapo ndipo subira inaponiishia.

Linalonikera kuliko yote ni kiwango. Kemikali inayotajwa kwenye manjano ni kurkumini. Kwenye seli huwekwa mara nyingi kiasi cha maikromola 10, yaani kama nanogramu 3,700 katika kila mililita. Sasa linganisha na mtu. Kuna jaribio la Marekani lililochapishwa 2012, ambamo wagonjwa wa Alzheimer walimeza gramu 2 au 4 za kurkumini iliyosafishwa kila siku kwa wiki 24. Damu yao ilipopimwa ilikutwa na nanogramu 7 hivi kwa mililita. Kiwango cha sahanini kiko juu yake mara 500! Na hiyo ni damu tu, bado hatujavuka kizuizi kilicho kati ya damu na ubongo, ambacho hukataa kemikali nyingi kuliko kinazoruhusu. Kurkumini hainyonywi vizuri tumboni, na ini huibadilisha upesi. Wagonjwa wale hawakupata nafuu. Jaribio la Hong Kong lililotangulia, la watu 34 kwa miezi sita, lililochapishwa 2008, nalo halikuonyesha nafuu.

Umeuliza vijiko vingapi. Unga wa manjano una kurkumini kama asilimia 3. Kijiko cha chai ni gramu 3 hivi za unga, kwa hiyo ndani yake mna kama gramu 0.1 ya kurkumini. Kufikia gramu 4 walizomeza wale wagonjwa, mama yako angehitaji vijiko kama 40 kwa siku, na mwisho wake awe pale pale walipokuwa wao.

Muuzaji atakujibu kwamba pilipili manga inaongeza unyonywaji mara 20. Takwimu hiyo imetoka kwenye utafiti wa 1998, nami nitamkubalia. Nanogramu 7 mara 20 ni 140, na 3,700 bado iko mbali sana. Asichokuambia ni jinsi pilipili manga inavyofanya hivyo: kemikali yake inazuia vimeng'enya vya utumbo na ini vinavyoondoa vitu vigeni mwilini, na vimeng'enya hivyo ndivyo vinavyoondoa dawa nyingine nyingi. Pilipili ya kwenye pilau haina neno. Unga uliokolezwa makusudi, kila siku, kwa mama anayemeza dawa ya kuzuia damu kuganda, ni jambo jingine. Dawa ile ikizidi mwilini mtu huvuja damu, na kurkumini yenyewe inashukiwa kuongeza hatari hiyo.

Kuna na hili la vipimo vyenyewe, ambalo hata baadhi ya wanafunzi wetu hulipuuza. Kujua kama seli ziko hai, mara nyingi tunatia rangi ya njano iitwayo MTT kwenye sahani ya plastiki yenye vishimo 96. Seli hai huigeuza kuwa zambarau, na mashine husoma ukolezi wake. Lakini kemikali nyingi za mimea zinaweza kuigeuza rangi hiyo zenyewe, hata kwenye kishimo kisicho na seli hata moja. Ukiona zambarau unaandika "zimeokoka" wakati hapana kilichookoka. Kurkumini ni msumbufu zaidi: ni ya njano, inang'aa yenyewe chini ya mwanga wa kipimo kingine tunachotumia kutazama amiloidi ikigandamana, na katika maji ya joto la mwili yasiyo na majimaji ya damu sehemu kubwa yake huharibika ndani ya nusu saa. Wanakemia waliopitia tafiti zake mwaka 2017 waliiweka wazi katika kundi la kemikali zinazodanganya vipimo. Kwa hiyo ukiletewa utafiti wa seli, uliza: waliweka kishimo cha kemikali bila seli? Waliweka kishimo cha kiyeyushi peke yake, kwani kurkumini haiyeyuki majini na kiyeyushi kinaweza kuziua seli? Walipima kwa njia mbili tofauti? Muuzaji hatakuwa na jibu.

Tuseme sasa kemikali imefaulu haya yote kihalali. Bado. Semagasestati, dawa iliyobuniwa kwa Alzheimer ili kuzuia kimeng'enya kinachosaidia kutengeneza amiloidi, iliipunguza kwenye seli, ikaipunguza kwa wanyama, ikaipunguza kwa watu. Wagonjwa zaidi ya 2,600 waliandikishwa katika majaribio makubwa. Mwaka 2010 yalisimamishwa kwa sababu waliopewa dawa walizorota kuliko waliopewa kidonge kisicho na dawa, na wakapata saratani ya ngozi zaidi. Kimeng'enya kilichozuiwa kilikuwa na kazi nyingine mwilini ambazo sahani haikuweza kuzionyesha. Dawa hiyo ilitengenezwa na wataalamu wenye fedha na maabara za kila aina. Anayeuza chupa isiyo na lebo kando ya barabara anajua nini walichokosa kukijua wao?

Usiniambie tunachukia mitishamba. Galantamini, mojawapo ya dawa za Alzheimer zinazotolewa hospitali, chanzo chake ni mmea wenye maua meupe unaoota Ulaya Mashariki. Ilitengwa, ikapimwa, ikajulikana miligramu ngapi zinamfaa mtu na ngapi zinamdhuru, na Marekani ikaidhinishwa 2001. Manjano yamepewa nafasi hiyo hiyo, na kwa ugonjwa huu hayakufaulu. Endelea kuyatia kwenye mchuzi wa samaki.

Ninachokiogopa zaidi siku hizi ni biashara inayokua juu ya migongo ya watu kama wewe, waliokwisha kuona hospitali haina tiba na wako tayari kulipa. Mafuta, unga, maji ya kupaka kichwani, vyote vimeandikwa "imethibitishwa maabara". Hakuna anayekuambia mna nini ndani ya chupa. Mwaka 2019 watafiti walieleza jinsi manjano nchini Bangladesh yalivyokuwa yakitiwa kromati ya risasi ili yang'ae, na risasi ni sumu ya ubongo wenyewe tunaojaribu kuulinda. Sisemi manjano ya Marikiti yako hivyo. Nasema unga wa huyo bwana haujapimwa na mtu, na mama yako ndiye atakayeumeza. Mwombe namba ya usajili kutoka Bodi ya Dawa na Sumu ya Kenya, na jina la jaribio moja lililofanywa kwa wagonjwa. Akikuonyesha tena seli, ondoka.

Fedha za chupa hiyo zitumie kwa vipimo, kama havijafanywa: vitamini B12, tezi ya shingo, na maambukizi ya mkojo iwapo amebadilika ghafla, maana hayo yanaweza kumzidishia mtu kusahau na yanatibika. Na mkirudi kliniki, tia kwenye mfuko kila kidonge anachomeza, pamoja na vile vya mafua na mzio mnavyonunua wenyewe dukani. Vingi vina klofeniramini, ambayo inafanya kazi kinyume na donepezili. Mwambie daktari au mfamasia avitazame kimoja kimoja, na akuandikie kipi kiachwe.