Miche sita ndani ya debe la unga

Mhariri, swali lenu la wiki hii linauliza familia za kipato cha chini zilivukaje miaka ya shida, mwanzoni mwa miaka ya 1980. Nilikuwa darasa la tatu Morogoro mjini. Sisi tulivuka kwa foleni.

Vijana wakisikia "shida" hudhani hela hazikuwapo. Kwetu zilikuwapo kidogo, baba alikuwa mlinzi na mshahara ulitoka. Kilichokosekana ni cha kununua. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika 1977, vita vya Kagera vikafuata, mafuta yakapanda bei, mvua nazo zikagoma. Mwalimu Nyerere akatuomba tufunge mikanda kwa miezi 18. Miezi ikaisha, mikanda tukaitoboa matundu mapya kwa msumari.

Asiye na jamaa dukani alilipa kwa muda wake. Saa kumi alfajiri mama alinitikisa nikakimbie duka la ushirika na jiwe letu. Ndiyo, jiwe. Unaliweka kwenye mstari linakushikia nafasi, wewe unakwenda kuteka maji. La kwetu lilipakwa rangi ya bluu iliyobaki ya mlango, maana wezi wa nafasi hawakukosekana. Kukipambazuka mawe yanageuka watu, na hapo ndipo ugomvi unaanza. Mara nyingi hatukujua hata kimeletwa nini; ulipanga kwanza, ukauliza baadaye. Siku moja nilisimama mpaka saa nne nikijua ni sukari, kumbe betri za redio, na redio hatuna. Nikanunua hivyo hivyo. Jioni mama alizibadilisha kwa jirani akapata mchele wa siku mbili.

Mkoa wetu, kumbuka, ndio wenye viwanda vya sukari vya Mtibwa na Kilombero, nasi tunakunywa uji wa chumvi na ndimu. Mjini kikajengwa kiwanda cha viatu kwa mkopo wa Benki ya Dunia, kilichokusudiwa kutoa jozi milioni 4 kwa mwaka. Darasani kwetu wenye viatu walihesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Ugali ulikuwa wa mahindi ya njano ya msaada, tukauita yanga. Wana Simba nao waliula bila ubishi.

Nasikia watu wakisema siku zile tulipendana. Sikatai, ila tulifichana pia. Aliyepata sukari alikunywa chai mlango umefungwa, na watoto wake walikatazwa kutoka nje na midomo inayonata.

Halafu ikaja 1983, Waziri Mkuu Sokoine akaanzisha msako wa walanguzi. Watu walitupa bidhaa vichakani na mitoni kwa hofu ya kupekuliwa. Usiku mmoja jirani aliyekuwa na kibanda akagonga dirisha letu, akampa mama miche sita ya sabuni, hakutaka hata senti. "Mama Asha, hujaniona," akasema, akatokomea.

Mama alikaa na miche ile mapajani, koroboi ikifuka moshi. Tulikuwa tunafulia majani ya mpapai, na sare yangu ilishageuka rangi ya majani hayo. Lakini kukutwa na miche sita wakati mtaa mzima hauna hata mmoja, nani angeamini kwamba umepewa? Akaifukia kwenye debe la unga. Kila Jumamosi alifukua mmoja, akakata kipande cha upana wa vidole viwili kwa uzi, kwa sababu kisu kinamwaga makombo, kisha akaurudisha.

Ugali wetu ulinukia sabuni karibu mwaka mzima. Baba alikuwa anamega tonge, analinusa kidogo, anachovya kwenye mchicha na kumeza. Hakuuliza hata siku moja.

Msomaji, Morogoro